Hiki au kile: historia ya lebo zinazopotea njiani

Najua nimekuwa kimya, kazi zilinizidi na kipakatalishi nacho kikachagua wakati huo huo kuharibika kibodi. Leo sizungumzii simu mpya wala programu ya bure ya kupakua. Nataka kuwasimulia historia ya jambo dogo sana la uprogramu ambalo mwaka 2019 lilimfanya keshia mmoja hapa Nairobi akatwe mshahara kwa pesa ambazo hakuwahi kuzishika. Kama wewe si mwanaprogramu usikimbie, nitakwenda polepole.

Kwanza jambo lenyewe. Programu mbili zikitaka kupashana habari, lazima zikubaliane habari hizo zimefungashwa vipi: baiti zipi zinatangulia, zipi zinafuata. Makubaliano hayo huandikwa katika faili inayoitwa skima. Halafu kuna jenereta ya msimbo (si ile ya mafuta inayonguruma nje ya duka stima ikipotea) ambayo husoma skima na kukuandikia msimbo wa Java, C, Go au lugha yoyote unayotumia. Wewe unaita tu getJina() na setJina(), mambo ya baiti huyaoni.

Sehemu kubwa ya skima ni neno "na". Mteja ana jina, na nambari ya simu, na tarehe ya kujiandikisha. Hiyo ni rahisi, kila lugha ya programu inaiweza. Matata huanza na neno "au". Malipo yamefanywa kwa simu au kwa kadi au kwa benki, moja tu kati ya hizo. Hiki ndicho wataalamu wanakiita muungano wenye lebo: vitu kadhaa vinatumia nafasi moja, na lebo inakuambia ni kipi kilichomo sasa hivi. Sisi wasemaji wa Kiswahili tusione ajabu, maana tunabandika lebo kutwa kucha. Mtu akipiga kelele kutoka chumba cha pili "kimevunjika!", hujui ni kikombe au ni kiti, lakini unajua hakika si dirisha.

Wazo lenyewe ni la zamani. Lugha ya ALGOL 68 ilikuwa na muungano, na ilikulazimisha kuuliza lebo kabla ya kukigusa kilichomo ndani. Unaandika sharti lenye matawi, kila aina na tawi lake, na ndani ya tawi hilo pekee ndipo unapopata thamani. Pascal ya Niklaus Wirth, 1970, ikalegeza kamba: rekodi ilikuwa na sehemu inayobadilika kulingana na lebo, lakini iliruhusiwa kuiacha lebo kabisa. C nayo ikaja bila lebo yoyote. Neno union katika C ni nafasi ya kumbukumbu tu, weka nambari, soma herufi, hakuna atakayekuuliza. Wakati huo huo kule Edinburgh, Burstall, MacQueen na Sannella walitoa lugha ya Hope mwaka 1980, ambamo aina ya data inaelezwa kwa matawi yake na funksheni inaandikwa tawi kwa tawi. Wazo hilo likaingia Standard ML, na baadaye Haskell. Lakini makampuni ya simu na mabenki hayakuandika programu zao kwa Hope. Yaliandika kwa C. Shikilieni hapo, ndipo mambo yalipoharibikia.

Mwaka 1984 CCITT, kamati ya kimataifa ya simu na telegrafu ambayo siku hizi ni ITU-T, ilitoa kanuni X.409 kwa ajili ya barua za kielektroniki. Mwaka 1988 ikapanuliwa na kupewa makao yake, ikaitwa ASN.1. Humo mna neno CHOICE, na ni kazi safi kabisa. CHOICE haiongezi baiti hata moja: kila tawi tayari lina lebo yake, kisha urefu, kisha yaliyomo. Msomaji anaangalia lebo na kujua ni tawi gani.

Unatumia CHOICE kila siku bila kujua. Ukifungua tovuti yoyote ya https, cheti chake kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kila tarehe ni CHOICE ya aina mbili. Moja ni UTCTime, lebo 17 kwa hesabu ya msingi wa 16, ambayo ina mwaka wa tarakimu mbili. Nyingine ni GeneralizedTime, lebo 18, ambayo ina mwaka wa tarakimu nne. Kanuni za RFC 5280 zinasema tarehe zote mpaka mwisho wa 2049 ziandikwe kwa aina ya kwanza, na kuanzia 2050 kwa ya pili. Kwa hiyo kuna msimbo mwingi duniani wenye tawi ambalo halipitiwi sana, linalongoja 2050. Mimi nitakuwa mzee, shida ni ya wajukuu.

Sasa, skima ilikuwa safi. Jenereta ikafanyaje? Chukua asn1c, jenereta ya bure ya ASN.1 inayotoa msimbo wa C. Kwa kila CHOICE inakupa struct yenye uga uitwao present, na kando yake union ya C. Present ni orodha ya majina ya matawi. Lakini tazama jina la kwanza kwenye orodha hiyo: linaishia na _PR_NOTHING. Yaani hakuna kitu. Skima haikusema kwamba kuna tawi la "hakuna". ASN.1 inasema moja kati ya haya, basi. Jenereta imeliongeza lenyewe, kwa sababu katika C kumbukumbu mara nyingi huanzishwa ikiwa sifuri na lazima sifuri iwe na maana fulani. Siilaumu, ningefanya vivyo hivyo. Lakini likumbukeni tawi hili la "hakuna", tutakutana nalo tena na tena kama mgeni asiyealikwa anayekuja kila arusi.

Kampuni ya Sun nayo ilikuwa na njia yake, XDR, iliyochapishwa kama RFC 1014 mwaka 1987. Hapa muungano unaandikwa wazi: union switch, kisha lebo, kisha matawi. Itifaki ya NFS, ya kusoma mafaili yaliyo kwenye seva ya mbali, imejaa miungano hii. Ukiuliza sifa za faili, jibu ni hali ya ombi, na hali ikiwa NFS_OK basi zinafuata sifa zenyewe, vinginevyo hakuna kinachofuata. Skima inaeleza vizuri sana: sifa zipo pale tu ombi lilipofaulu.

Ukilipitisha kwenye jenereta yao, rpcgen, unapata struct ya C yenye status, na kando yake union iitwayo attrstat_u. Hakuna kinachokuzuia kuandika jibu->attrstat_u.attributes bila kuangalia status. Kompaila inanyamaza. Ujuzi wote uliokuwa kwenye skima umebaki kuwa adabu ya mwanaprogramu, na saa tisa usiku adabu huwa imelala.

Kuna tofauti nyingine kati ya hizi mbili ambayo nilichelewa kuielewa. Katika usimbaji wa kawaida wa ASN.1 kila kipande kina urefu wake, kwa hiyo ukikutana na tawi usilolijua unaweza kuliruka na kuendelea kusoma. XDR haina urefu. Lebo ni baiti 4, kisha tawi linaanza mara moja. Kama lebo huijui na skima haina tawi la default, hujui kilichomo kinaishia wapi, na ujumbe wote uliobaki ni takataka. Msimbo wa rpcgen hapo unarudisha FALSE na kazi inakwama. Zamani nilidhani huo ni udhaifu. Leo sina hakika hivyo.

CORBA, iliyoanza 1991, naipita haraka, nyote mnajua nisivyoipenda. Ila kwa haki, katika Java ilikuwa inakupa discriminator() ya kuuliza lebo, na ukiuliza tawi lisilo lake inakurushia BAD_OPERATION usoni. Angalau inapiga kelele.

Zama za XML ndizo zilizonichekesha zaidi. Skima ya XML, iliyopitishwa na W3C Mei 2001, ina xs:choice, na maana yake ni ile ile: moja kati ya hizi. Chombo cha Microsoft, xsd.exe, kikiiona kinaweza kukuzalishia uga mmoja wa aina ya object, na jina lake ni Item. Item! Unaweza kuweka chochote humo. Lebo inawekwa pembeni katika uga mwingine unaoitwa ItemElementName pale aina pekee haitoshi kutofautisha. Upande wa Java, JAXB kwa kawaida ilikupa nyuga zote kando kwa kando, kila moja inaweza kuwa null. Skima ilisema moja kati ya tatu. Darasa la Java linakubali tatu kwa pamoja, au mbili, au hata moja lisiwepo. Matawi 3 yamezaa hali 8, na 5 kati yake ni za uongo.

Google walipoiachia dunia Protocol Buffers mwaka 2008, haikuwa na muungano kabisa. Maelezo yao yalishauri utengeneze mwenyewe: weka uga wa lebo wa aina ya enum, kisha nyuga za hiari, moja kwa kila tawi. Yaani kazi ya jenereta ukarudishiwa wewe. Na kama lebo inasema KADI huku uga uliojazwa ni wa benki, hiyo ni shauri yako.

Toleo la 2.6, mwaka 2014, ndilo lililoleta oneof. Nilifurahi kama mtoto. Sasa unaandika hivi:

message Malipo {
  string risiti = 1;
  int64 senti = 5;
  oneof njia {
    Simu simu = 2;
    Kadi kadi = 3;
    Benki benki = 4;
  }
}

Jenereta ya Java inakupa getNjiaCase(), inayorudisha SIMU, KADI, BENKI au NJIA_NOT_SET. Ukijaza kadi, simu inafutika yenyewe. Lakini kwenye waya hakuna kilichobadilika. Oneof haipo katika baiti, ni nyuga za kawaida tu zenye nambari zao, na kama mbili zimefika pamoja ya mwisho ndiyo inayoshinda. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana uliweza kuitumia bila kuvunja ujumbe wa zamani. Na yule mgeni wetu mmemwona? NJIA_NOT_SET. Maelezo ya Google yenyewe yanaonya kwamba jibu hilo lina maana mbili: ama hakuna uga uliojazwa, ama umejazwa uga ambao toleo lako la skima haliujui. Onyo hilo nililisoma. Nililisoma kabisa, kwa macho yangu.

Haya, sasa kisa cha keshia. Nilikuwa nafanya kazi na kampuni moja ya mifumo ya maduka, jina naliacha. Mfumo wetu ulizaliwa wakati maduka yalipokea pesa taslimu tu, kwa hiyo ujumbe wa Malipo haukuwa na njia yoyote. Simu, kadi na benki zilipokuja tukaziweka katika oneof kama hapo juu, na taslimu ikabaki kuwa "hakuna kilichojazwa". Katika programu ya kufunga hesabu za jioni palikuwa na switch, na tawi lake la mwisho lilisema: NJIA_NOT_SET, hesabu kama taslimu. Mstari huo niliuandika mimi.

Mwaka 2019 timu nyingine ikaongeza njia mpya, mteja kulipa kwa pointi alizokusanya. Wakaupa uga nambari 9. Wakaanza majaribio katika tawi moja la duka, kaunta mbili. Programu ya jioni haikujengwa upya kwa skima mpya, hakuna aliyeona haja. Basi kila mteja aliyelipa kwa pointi, programu yangu ilisoma ujumbe, haikuujua uga 9, ikajibu NJIA_NOT_SET, ikaandika kwamba pesa taslimu zimeingia kwenye droo. Jioni keshia akihesabu, droo imepungua. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Utaratibu wa duka ulikuwa upungufu unakatwa kwa mshahara. Akakatwa shilingi 4,350. Yule wa kaunta ya pili alikuwa likizo juma hilo, kwa hiyo karatasi zote zilimwonyesha dada mmoja tu, na mnajua watu wanavyoanza kumtazama mtu.

Ni yeye mwenyewe aliyeliona. Alimwambia meneja kwamba kila siku anayopungukiwa ni siku ambayo watu wamelipa kwa pointi, na alikuwa ameziandika risiti kwenye daftari la kurasa 32. Meneja akapiga simu ofisini kwetu, mimi ndiye niliyeipokea.

Nilichukua ujumbe mbichi wa risiti moja kutoka kwenye logi, nikaufungua baiti kwa baiti. Hapo katikati palikuwa na 4a. Kwa hesabu ya kawaida 4a ni 74. Gawanya kwa 8 unapata 9 na kubaki 2. Hiyo 9 ni nambari ya uga, na 2 inamaanisha "kinafuata urefu, kisha baiti zenyewe". Lebo ilikuwepo. Ilitoka kaunta, ikapita kwenye mtandao, ikafika mpaka ndani ya programu yangu. Tena tangu toleo la 3.5 la 2017 nyuga zisizojulikana hazitupwi, kwa hiyo ilikuwa imekaa humo humo ndani ya kitu cha Java nilichokuwa nakiuliza swali, kwenye getUnknownFields(). Kitu kilichokuwa na jibu tumboni kiliniambia hakuna kitu, nami nikaamini kwa sababu ndivyo enum ilivyosema.

Ndiyo maana nikasema juu ya XDR kwamba leo sina hakika. Msimbo wa rpcgen ungekwama na kupiga kelele. Avro, ya Doug Cutting na wenzake tangu 2009, nayo ingekataa: muungano wake unaandika nafasi ya tawi kisha thamani, na msomaji husoma akiwa na skima ya mwandishi mkononi. Tawi la mwandishi lisipolingana na lolote la msomaji, ni kosa, kazi inasimama. (Katika Java muungano wa Avro wenye aina kadhaa unatoka kama Object tu, dhambi ile ile ya Item, lakini hilo ni la siku nyingine.) Hesabu za jioni zingesimama, mimi ningeamshwa usiku, na hakuna keshia ambaye angekatwa hata senti.

Baada ya hapo nilianza kutazama kila jenereta kwa jicho hili moja: inalifanyia nini tawi isilolijua? FlatBuffers ya 2014 inaweka baiti moja ya aina pembeni, na sifuri yake ni NONE, mgeni wetu tena. Cap'n Proto ya Kenton Varda, mtu yule yule aliyeiandaa Protocol Buffers kutoka hadharani, ilitoka 2013 ikiwa na miungano halisi kwenye waya, lebo ya biti 16. Haina NONE ya kubuniwa: kama hujachagua, tawi lenye nambari ndogo kabisa ndilo lililochaguliwa, na ukitaka "hakuna" unaliandika mwenyewe kwenye skima. Hilo nalipenda, kwa kuwa "hakuna" linakuwa uamuzi wa aliyeandika skima.

Lugha nazo zimebadilika. Swift ya 2014 na Rust ya 2015 zina enum zenye matawi yanayobeba data, na kompaila inakataa ukisahau tawi. Java imepata aina zilizofungwa katika toleo la 17 la 2021, na switch inayozielewa katika toleo la 21 la 2023. Ungedhani tatizo limekwisha. Lakini chukua prost, jenereta ya Rust ya Protocol Buffers: oneof inatoka kama enum nzuri sana iliyofungwa ndani ya Option. Uga usiojulikana ukifika, unapata None. Uga usiojazwa, None vile vile. Kompaila itakusifu kwamba umeshughulikia matawi yote, na keshia wangu angekatwa pale pale.

Walionifurahisha ni wale wa Smithy, lugha ya skima ya Amazon. Jenereta yao ya Rust inauongezea kila muungano tawi liitwalo Unknown kwa upande wa mteja, na SDK ya Amazon ya Java ina UNKNOWN_TO_SDK_VERSION. Hawakuchanganya "hukuniambia kitu" na "umeniambia kitu nisichokielewa". Ukisikiliza mazungumzo ya watu wa kawaida, hakuna anayechanganya hayo mawili.

Kwetu tulifanya hivi. Taslimu ikapewa tawi lake, nambari 10, na kaunta zote zikabadilishwa kuijaza, kazi iliyochukua majuma matatu kwa sababu kaunta nyingine zilikuwa na programu za miaka mingi. NJIA_NOT_SET ikawa kosa. Na kabla ya kuitangaza kosa tunatazama getUnknownFields(): ikiwa na kitu, ujumbe unaenda kwenye foleni ya kutazamwa na mtu, na hesabu ya kaunta hiyo haifungwi mpaka atazame.

Keshia alirudishiwa pesa zake kwenye mshahara wa mwezi wa pili uliofuata. Nilikwenda dukani kumwomba msamaha mwenyewe. Aliniuliza ni nini hasa kilichotokea, nikamweleza habari za lebo na matawi pale pale kaunta, foleni ikingoja. Akasema, "Kwa hivyo mashine ilijua, ila haikuulizwa vizuri." Nikamwambia ndiyo.

Nikipata nafasi juma lijalo nitaweka hapa msimbo mzima wa ile foleni, wengi wenu mmekuwa mkiuliza. Wenye kazi za Thrift niandikieni mniambie TUnion imewatendea vipi, mimi sijaitumia kwenye mradi mkubwa. Kwa sasa betri inanionya, kwaherini.